Kiu ya Sigara Hupita: Maoni juu ya Kuacha Tumbaku

Hakuna mwanafunzi wa sekondari katika nchi yetu asiyejua kwamba sigara hudhuru mwili. Onyo limechapwa juu ya pakiti, limo katika masomo ya biolojia, na walimu hulikariri kila muhula. Hata hivyo, katika vijiji vya Wilaya ya Kilolo, tangu Ilula iliyo kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Dabaga na Bomalang'ombe katika miinuko ya Udzungwa, mtu anayetaka kuacha sigara bado huachwa peke yake na nia yake. Huambiwa kwa nini aache. Haambiwi afanyeje siku ya tatu, wakati usingizi umempaa, moyo una ghadhabu isiyo na sababu, na rafiki anamnyoshea pakiti kwa ukarimu.

Maoni ya makala haya ni kwamba pengo hilo ni la elimu, wala si la maadili. Kiu ya sigara ni tukio la mwili lenye mwanzo, kilele na mwisho. Laweza kupimwa kwa saa, kuelezwa kwa hesabu nyepesi, na kushindwa kwa maarifa. Shule zetu, ambazo hadi sasa zimelikabili jambo hili kwa makaripio na fimbo, ndizo zinazofaa kuwa za kwanza kuyafundisha maarifa hayo.

Nikotini mwilini

Kitu kinachomfunga mvutaji ni nikotini. Mmea wa tumbaku huitengeneza mizizini na kuipandisha majanini ili kujikinga na wadudu. Moshi uvutwapo hadi mapafuni, nikotini huingia katika damu na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko hushika vipokezi ambavyo kwa asili vimewekwa kwa ajili ya asetilikolini, mojawapo ya kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana habari. Vipokezi hivyo vikishikwa, kemikali nyingine iitwayo dopamini hutolewa, na mtu huona raha kidogo. Kwa kuwa raha hufuata pumzi upesi namna hiyo, ubongo hujifunza upesi kuvifungamanisha vitu hivyo viwili.

Lakini ubongo unaoshikwa hivyo kila siku hujirekebisha, na idadi ya vipokezi huongezeka. Tangu hapo mtu havuti tena ili apate raha, bali huvuta ili vipokezi vilivyozidi vinyamaze. Mvutaji husema kwamba sigara humtuliza hasira, naye hasemi uongo. Ila hasira yenyewe, kwa sehemu kubwa, imeletwa na kukosa sigara. Nikotini ni kama mkopeshaji asifiwaye kwa kumpunguzia mtu deni alilomtwika yeye mwenyewe.

Mwalimu wa hisabati aweza kuliweka jambo hili ubaoni. Nikotini hupungua katika damu kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Tuseme mvutaji amezima sigara yake ya mwisho saa 4 usiku, na kiasi cha nikotini katika damu yake wakati huo tukiite 100. Saa 6 usiku kitakuwa 50. Saa 8 usiku, 25. Saa 10 alfajiri, 12.5, na saa 12 asubuhi, 6.25. Mtu aamkapo, hazina yake imekaribia kwisha. Ndiyo sababu sigara ya kwanza ya asubuhi ni ngumu sana kuiacha. Karl Fagerström, mtaalamu wa Sweden, alitoa mwaka 1978 maswali ya kupima kiasi mtu alivyofungwa na nikotini, nayo yakarekebishwa mwaka 1991. Swali mojawapo lililo kuu ni hili: baada ya kuamka, wakaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza? Awashaye kabla ya dakika 5 kupita amefungwa zaidi kuliko angojaye saa nzima.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Neno uraibu, ambalo leo hutumika kwa utumwa wa kilevi chochote, katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilikuwa jina la tambuu, yaani jani lililofungiwa popoo, chokaa na tumbaku. Kifungo kimepewa jina la kitu kilichofunga.

Vichochezi vya Kilolo

Nikotini peke yake haielezi yote. Mtu aliyekaa wiki 3 bila tumbaku hana tena nikotini mwilini, lakini aweza kushikwa na kiu ghafula apitapo mahali fulani. Hapa twapaswa kumkumbuka Ivan Pavlov, mwanafisiolojia wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula tumboni. Mbwa wake walijifunza kudondokwa na mate kwa kuona au kusikia tu ishara iliyozoea kutangulia chakula. Mvutaji naye ana ishara zake, nazo hutofautiana mahali na mahali. Vitabu vilivyoandikwa London au New York humwonya msomaji juu ya kikombe cha kahawa na mapumziko ya ofisini. Kilolo ina ishara zake yenyewe, nazo yafaa zitajwe moja moja.

Ya kwanza ni baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu huifunika milima hadi jua linapopanda, na vijana waendao kupasua mbao au kuchimba viazi husema kwamba sigara hupasha mwili joto. Elimu ya mwili yasema kinyume. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ifikayo vidoleni hupungua, na joto la vidole hushuka. Kinachompasha mvutaji joto ni moto alioukaribia na wenzake aliosimama nao. Akiacha sigara, moto na wenzake wangalipo.

Ya pili ni ulanzi. Majira ya mvua, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na utomvu wake hugemwa. Ukiwa mpya ni mtamu, na ukilala huwa pombe kali. Ulanzi una heshima yake katika Uhehe. Humkaribisha mgeni, na huwakutanisha watu waliotoka kazini. Lakini katika kilabu cha ulanzi mkono mmoja huzoea kikombe na wa pili huzoea sigara, na pombe nayo hulegeza azimio. Mara nyingi mtu aliyeacha na kurudia hurudia akiwa na kinywaji mkononi. Si lazima mtu aache ulanzi maisha yake yote ili aache sigara, lakini katika wiki 4 za kwanza ni busara akikaa mbali na kilabu, au akanywa nyumbani pamoja na watu wasiovuta.

Ya tatu ni njaa ya shambani. Hapa wavutaji wamesema kweli, kwani nikotini hupunguza hamu ya chakula. Alimaye tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kula hupata katika sigara chakula cha uongo. Kwa hiyo mtu aachaye sigara hana budi kula asubuhi, na kuchukua mfukoni kitu cha kutafuna, kama karanga, bisi au mahindi ya kuchoma. Huenda akanenepa kidogo. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini waliopimwa waliongezeka kilo 4 hadi 5 kwa wastani katika mwaka wa kwanza. Madhara ya ongezeko hilo ni madogo mno yakilinganishwa na madhara ya kuvuta.

Ya nne ni sigara moja moja. Ikiwa mtu hana budi kununua pakiti nzima, ana nafasi ya kufikiri kabla hajatoa fedha. Lakini muuzaji akifungua pakiti na kuuza sigara moja, kiu ya dakika chache hupata jibu kwa sarafu chache, na mwanafunzi naye hupata mlango wa kuingilia. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya udhibiti wa tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi katika kifungu cha 16 zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa namna hiyo. Wenye maduka wa Kilolo wangeweza kukubaliana kuuacha bila kungoja kuamrishwa.

Siku ya tatu na dakika kumi

Baada ya sigara ya mwisho, dalili za kukosa nikotini huanza kwa muda wa saa chache. Nazo ni wasiwasi, hasira, huzuni, njaa, usingizi wa mang'amung'amu na ugumu wa kukaza fikira. Hufika kilele katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua polepole na kwa watu wengi huisha katika wiki 2 hadi 4. Asiyeambiwa hayo huiona siku ya tatu kuwa ndiyo hali yake mpya ya maisha, akasema moyoni kwamba hawezi kuishi hivyo, akawasha. Aliyeambiwa hujua kwamba yuko juu ya kilima, na kwamba njia iliyo mbele inateremka.

Ndani ya siku hizo kiu haimkai mtu mfululizo. Huja kama wimbi, hupanda, husimama kidogo, kisha hushuka, na kwa kawaida yote hayo huchukua dakika chache, mara nyingi zisizofika 10. Jambo kubwa la kufundishwa ni hili: kiu hiyo hupita, mtu avute au asivute. Kwa hiyo anayeacha sigara hana haja ya kuahidi kwamba hatavuta maishani mwake mwote. Aahidi kwamba hatavuta katika dakika 10 zijazo, kisha atazame saa.

Katika dakika hizo mwili upewe kazi. Kutembea kwa haraka, hasa kupanda mlima, kumeonekana katika majaribio kupunguza kiu hiyo, na Kilolo haina upungufu wa milima. Anywe maji polepole, avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu, ashike jembe, shoka au sindano ya kufumia. Azungumze na mtu ajuaye kwamba ameacha.

Jambo moja halifahamiki sana. Moshi wa sigara hulichochea ini liondoe upesi kafeini iliyomo katika chai na kahawa. Mtu akiacha kuvuta, ini hupunguza mwendo, na chai ileile ya rangi aliyoizoea hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Wasiwasi na kukosa usingizi anavyodhani vimeletwa na kukosa sigara, huenda kwa sehemu vimeletwa na chai. Kwa hiyo apunguze vikombe, hasa vya jioni.

Lipo pia jambo la adabu. Katika nchi hii kumpa mtu sigara ni ukarimu, na kijana huona haya kukataa mkono wa mkubwa wake. Afundishwe maneno mapema, kama vile afundishwavyo kusema "Kamwene" anapoingia nyumba ya watu. Akisema, "Asante, mzee wangu, nimeacha, niombee nisirudi," hajamvunjia mzee heshima. Amemgeuza mzee kuwa msaidizi wake.

Wala mtu asidanganyike kwamba kuhamia ugoro ni kuacha. Ugoro nao una nikotini, na vipokezi haviulizi kama imepitia mapafuni au puani. Mbali na tumbaku, iko nikotini iliyotengenezwa kama dawa, ya kubandika kwenye ngozi au ya kutafuna, ambayo humpa mtu kiasi kidogo bila moshi na kupunguzwa hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Huongeza idadi ya wanaofaulu, lakini si rahisi kuipata katika zahanati za vijijini. Kwa sababu hiyo maarifa ya kungoja, yasiyonunuliwa, yana thamani zaidi kwetu.

Je, si suala la nia tu?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kumdekeza mvutaji, kwani mwenye nia huacha siku moja. Ni kweli kwamba wapo walioacha hivyo, nao wanastahili sifa. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi ambazo jambo hili limefuatiliwa kwa miaka mingi waonyesha kwamba katika watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu ambao bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12. Hatuwezi kudai kwamba 95 waliobaki wote hawana nia. Wengi wao hujaribu tena na tena, na hatimaye wengi hufaulu. Tunachoweza kufanya ni kuzipunguza safari hizo za kushindwa.

Nchi yetu imekwisha kukubali kanuni hii kwa kileo kilicho kikali zaidi. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, na baadaye huduma hiyo ikaenea hadi mikoa mingine, Mbeya ukiwamo. Tulikubali hapo kwamba mraibu ni mgonjwa wa kutibiwa. Ni ajabu basi kwamba kijana aliyefungwa na nikotini, inayouzwa dukani kwa uhalali, hupewa viboko na barua ya kusimamishwa masomo, na hapewi neno lolote la namna ya kuacha.

Haimaanishi kwamba shule zifumbe macho. Kanuni ya kukataza sigara shuleni ni ya haki, na Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini adhabu pekee humfundisha mwanafunzi kujificha, na ajifichaye hawezi kuomba msaada. Mwanafunzi aliyekamatwa leo akaadhibiwa, kesho saa 12 asubuhi nikotini yake itakuwa imeshuka vilevile, na kiu itakuja vilevile.

Yafaa nini kifanyike

Kwanza, kila shule ya sekondari iwe na mwalimu mmoja ambaye mwanafunzi anayetaka kuacha aweza kumwendea bila kuandikwa katika daftari la makosa. Mwalimu huyo asiwe mwenye kuvuta, au awe ameacha. Na walimu wanaovuta wangekuwa mfano mkubwa kama wangeacha pamoja na wanafunzi wao.

Pili, somo la nikotini lifundishwe kwa hesabu na majaribio. Wanafunzi wachore mstari wa kupungua kwa nikotini tangu saa 4 usiku hadi asubuhi. Wapige hesabu ya gharama: avutaye sigara 5 kwa siku huvuta 1,825 kwa mwaka, wazidishe kwa bei ya dukani kijijini kwao, kisha walinganishe jumla na bei ya madaftari, mbolea au mabati. Hesabu aliyoifanya mtu mwenyewe humkaa moyoni kuliko hotuba.

Tatu, kila mgonjwa afikapo zahanati aulizwe kama hutumia tumbaku, na kama anataka kuacha. Ushauri wa dakika 3 tu kutoka kwa mganga au muuguzi umeonekana kuongeza idadi ya wanaoacha. Katika Mkoa wa Iringa swali hilo lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 11.3 ya watu wazima wa mkoa huu. Ambaye kinga yake imepungua huugua kifua kikuu kwa urahisi, na uvutaji wa sigara nao huiongeza hatari ya kifua kikuu takriban maradufu. Mtu mwenye mzigo wa kwanza asiachwe ajitwike wa pili kwa kukosa ushauri.

Uchunguzi mwingine wa kitaifa, wa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu wazima watumiao tumbaku katika Tanzania walikuwa asilimia 8.7: wanaume asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Yaani wengi wetu hatutumii. Taifa ambalo wavutaji wake bado ni wachache laweza kuwasaidia wote, likianza sasa.

Nao watakaosaidiwa watapata faida ya kweli. Siku moja baada ya sigara ya mwisho, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iliyokuwa imeshika nafasi ya oksijeni katika damu imekwisha kutoka kwa sehemu kubwa. Mwaka mmoja baadaye, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa nusu hivi. Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume 34,439 wa Uingereza, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa mwaka 2004. Wavutaji walipoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walirudishiwa miaka 3 hivi. Wa umri wa miaka 50, miaka 6. Wa miaka 40, miaka 9. Na walioacha wakiwa na miaka 30 waliepuka karibu hasara yote.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekwisha kuanza kuvuta ana basi nafasi ambayo baba yake hana, na baba yake naye bado ana nafasi kubwa. Wote wawili watafika siku ya tatu, na kila mmoja atakuja kusimama mbele ya dakika 10 zilizo ngumu. Walimu na tuwafundishe mapema kwamba dakika hizo zina mwisho, na inapowezekana tuzingoje pamoja nao.